Miaka 36 nashindwa kutunga uzi, kaka yangu wa 51 anasoma bila miwani. Kwa nini?

Mikasi: Wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi ni fundi cherehani, miaka 36. Tangu Ramadhani kutunga uzi kwenye sindano ni vita, namwita binti wa duka la jirani anitungie. Simu naisogeza mbali mpaka mkono unaisha. Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, anasoma gazeti macho makavu. Mimi nimekosa nini?

MamaPili: Pole mdogo wangu. Ni hizi simu za usiku. Mume wangu naye hivyo hivyo, gizani hadi saa nane, mpaka nikajua anachati na nani. Ila hiyo ni mada nyingine.

Mzee wa Kahawa: Vijana mnakula chipsi, halafu mnalaumu macho.

Lenzi: Mkuu, huyo kaka yako anaona vya mbali?

Mikasi: Wapi! Daladala anauliza watu inakwenda wapi.

Lenzi: Basi ndiyo siri yake. Jicho lake limejipanga kwa karibu. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa kwa kila mtu, wengi wanaanza kusumbuka kwenye miaka 40 hadi 45. Kuna waliozaliwa na macho ambayo misuli yake inajikaza tangu utotoni ili waone karibu. Hao huwahi miwani. Na kazi nayo: mkulima anaweza kukaa miaka asijue, fundi anajua siku ileile. Ila 36 ni mapema. Ukungu ni uleule kila siku?

Mikasi: Unabadilika. Kuna siku natunga mwenyewe.

Lenzi: Usiku unaamka kukojoa mara ngapi? Umepima sukari?

MamaPili: Fundi, jibu. Saa nzima sasa.

Mikasi: Mwaka jana waliniambia iko juu. Dawa ilinichafua tumbo, nikaacha, natumia mlonge. Miwani nimeshanunua kwa machinga, ya kusomea namba 2.50. Jamani, mimi nimeuliza macho tu.

Lenzi: Na mimi najibu macho. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi nayo hubadilika, kwa hiyo miwani ya leo mwezi ujao itakukataa. Rudi ukapime, dawa waibadilishe, na waangalie hadi nyuma ya jicho.

Kijiweni: Chai hii. Februari mleta uzi alikuwa anatafuta mchumba, ana miaka 29!

Mikasi: Ule ulikuwa uzi wa mchumba, mkuu.

Kijiweni: Kwa hiyo huu wa macho una miaka mingapi?

Mikasi: 41.

Lenzi: Haya, miwani imejieleza. Sukari bado.

Mtoto wa Ngamiani: Si chai, namjua huyu! Kanzu yangu ya Idi mkono mmoja umeishia kwenye kiwiko. Nikadhani dharau.

Mikasi: Ilete Jumamosi ndugu yangu, naongeza kitambaa.

Mtoto wa Ngamiani: Binti wa jirani atakuwepo?