Teno inaisha kabla ya wenzake: nota za karne ya 15, nakosea wapi?

besi_wa_moro: Wakuu habari zenu. Mimi ni mwalimu wa kwaya, sol-fa ndo kazi yangu ya kila siku na nota za mistari mitano nasoma vizuri tu. Sasa nimepata mtandaoni picha za kitabu cha mkono cha karne ya 15, kuna Kyrie (wimbo wa misa, "Kyrie eleison", Bwana utuhurumie) ya sauti tatu nikasema naiandika upya tuiimbe. Shida hawa watu hawakupanga sauti juu ya sauti kama sisi, kila sauti iko sehemu yake ya ukurasa na hamna mistari ya kugawa mapigo, kwahiyo kosa hulioni mpaka uziweke pamoja. Nimehesabu brevi moja (nota ndefu) sawa na semibrevi mbili (nota fupi yake), kantusi (sauti ya juu) inaenda lakini teno (sauti ya chini yake) inaisha mapema mno, kantusi bado wana mstari mzima. Siku ya tatu hii. Au mwandishi alikosea?

nota_nyeupe: Mwalimu usimlaumu mwandishi kwanza. Angalia mwanzo kabisa baada ya ufunguo, kuna duara? Kama ni duara kamili brevi ni semibrevi TATU, sio mbili. Mbili ni pale duara limekatwa likawa kama herufi C. Kwa wazee wale tatu ndo ukamilifu, Franco wa Cologne, mwandishi wa kanuni za nota, kwenye karne ya 13 aliiunganisha kabisa na Utatu Mtakatifu. Teno yako imejaa brevi ndo maana inapungua, kantusi wana semibrevi na minima (nota fupi zaidi) nyingi hawaumii sana.

Ila usikimbilie kuzipa zote tatu, maana nota ile ile inabadilika kwa kuangalia jirani yake. Brevi ikifuatwa na brevi nyenzake inabaki tatu. Ikifuatwa na semibrevi moja halafu brevi, ya kwanza inanyang'anywa, inakuwa mbili, ile semibrevi inajaza. Zikiwa semibrevi mbili katikati ya brevi mbili, ya pili inaongezwa inakuwa na thamani mbili, hapa ndo wengi tunaanguka kwasababu kwa macho ziko sawa kabisa. Na ukiona kinukta katikati kinaweza kuwa cha kutenganisha makundi tu, sio cha kuongeza nusu kama chetu.

besi_wa_moro: Duara lipo!! Nilidhani pambo. Nimerudia usiku huu, sasa teno imezidi semibrevi tatu, na kuna sehemu ina brevi tatu zimejazwa wino mweusi zingine zote nyeupe.

nota_nyeupe: Hapo hapo. Nyeusi inapoteza theluthi yake, kila moja ni mbili. Tatu nyeusi zinakaa nafasi ya mbili nyeupe, yaani sita badala ya tisa, ndo zile tatu zako zilizozidi. Waimbaji watasikia mapigo yanageuka pale, usiwafichie, weka alama ya mabano juu yake.

mama_alto: Shikamoo walimu, naongeza moja. Nota zilizogandishwa pamoja (ligatura) zenye mkia wa kupanda juu kushoto, mbili za kwanza ni semibrevi hata kama umbo linakudanganya. Na ukishaihamishia sol-fa angalia pale inapotua, mara nyingi sauti inayopanda kwenda kutua inaimbwa nusu hatua karibu zaidi na alama haikuandikwa, mwimbaji wa wakati ule alikuwa anajua mwenyewe. Iweke juu ya nota, sio pembeni yake, ili mwingine akisoma ajue hiyo ni yako wewe sio ya kitabu.

besi_wa_moro: Marahaba mama. Zimekutana, zote tatu zinatua pamoja kwenye neno eleison, nimeimba teno peke yangu sebuleni mpaka watoto wameamka. Jumamosi naipeleka mazoezini.