Ushauri: kuhifadhi data ndani ya simu kwa apu ya kupima kahawa

Mwanambinga
Habari za jioni wakuu. Natengeneza apu ya Android kwa Flutter (zana ya kuundia apu), watumiaji ni makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, za kahawa huku Mbinga. Karani anapima mzigo, anaandika kilo na daraja, anapiga picha ya risiti. Vituo vingi viko milimani na mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo kila kitu lazima kikae kwenye simu kwanza. Simu zenyewe ni za bei ya chini, RAM GB 2.

Sipendi kuandika SQL, ile lugha ya kuulizia hifadhidata. Nataka Mkulima na Mzigo viwe objekti (kifurushi kimoja chenye taarifa zake zote), nivihifadhi vilivyo, nivitafute, baadaye vipandishwe kwenye seva. Nimeona hifadhidata za Hive, Realm na ObjectBox. Kinachoninyima usingizi ni kilo za mtu kupotea, maana hiyo ni hela yake ya msimu mzima. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Fundi_Peku
Realm iache, mkuu. Wengi tuliipendea huduma yake ya kusawazisha data na seva, na MongoDB, kampuni inayoimiliki, walitangaza Septemba 2024 kwamba wanaiondoa, ikafikia mwisho 30 Septemba 2025. Hifadhidata yenyewe bado ni msimbo huria, ila kwa mradi unaoanza leo sioni sababu.

Hive ni nyepesi, nzuri kwa mipangilio: lugha, kituo, nani ameingia. Lakini boksi lake la kawaida (sehemu ya kuwekea data) likifunguliwa linapakia vyote vilivyomo kwenye RAM. Kuna la pili linalopakia funguo tu, ila ukitaka "mizigo ya mkulima huyu tangu Jumatatu" utachuja mwenyewe kimoja kimoja.

BintiTanga
Kwa maelezo yako, ObjectBox. Unaandika darasa, unaweka alama ya Entity, unahifadhi. Mahusiano ya Mkulima na Mizigo yake yanakaa bila jedwali la kuunganisha, na ni nyepesi hata kwa simu za namna hiyo.

Jambo moja uliandike ukutani: kuna faili inaitwa objectbox-model.json, iingie kwenye Git, unakotunza historia ya msimbo wako, siku ya kwanza. Humo kila sehemu ina namba yake. Ukibadilisha jina la "kilo" kuwa "uzito" bila kuitajia ile namba ya zamani, ObjectBox inaelewa umefuta sehemu moja na kuongeza mpya. Apu ikisasishwa, kilo zote zilizokuwa kwenye simu zimekwenda.

Mzee wa Seva
Binti kasema kweli, na hapo ndipo mimi naenda hifadhidata ya SQLite kupitia Drift, maktaba ya Flutter. Maswali unaandika kwa Dart, lugha ile ile ya Flutter, SQL unaigusa ukipenda. SQLite ipo tangu 2000, na faili lake linafunguka kwenye kompyuta yoyote. Siku karani na mkulima wanabishana, unalifungua mezani mnatazama wote.

Lakini kijana, kilo hazipotezwi na hifadhidata peke yake. Zinapotea njiani, au zinahesabiwa mara mbili. Simu inatuma mzigo, seva inaupokea, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Simu inadhani haijatuma, inatuma tena. Mkulima wa kilo 60 anasomeka 120. Dawa yake: kila mzigo upewe UUID (namba ya utambulisho isiyojirudia) palepale kwenye simu, na seva ikiona UUID inayoifahamu ijibu "ninao" bila kuandika upya. Alama ya "umetumwa" iwekwe baada ya jibu hilo tu.

Uzito uhifadhi kwa gramu, namba kamili, usitumie desimali za kuelea. Na karani akikosea asihariri mzigo wa zamani. Aandike wa marekebisho unaoutaja ule wa kwanza. Hela za watu zinataka historia.

Fundi_Peku
Naongezea kwenye picha. Zisiingie kwenye hifadhidata. Ukitumia sqflite, maktaba nyingine ya SQLite kwa Flutter, Android inasoma kupitia dirisha la takriban MB 2, na mstari ukizidi hapo unaandikika vizuri halafu unagoma kusomeka. Picha ikae kama faili kwenye folda ya apu, hifadhidata ibebe jina tu. Usiweke njia nzima, maana mkiongeza iPhone njia hiyo hubadilika apu inaposasishwa. Na isiwe folda ya kache, Android huisafisha nafasi ikibana.

Mwanambinga
Asanteni sana wakuu. Naenda na Drift, hoja ya kulifungua faili mezani imenikamata. Swali la mwisho: karani akiondoa apu kabla hajatuma?

BintiTanga
Vinafutika vyote, kaka, picha pia. Weka kitufe cha kufunga siku: kinatoa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) la mizigo ya leo, karani anamrushia katibu kwa Bluetooth. Hapo huhitaji bando. Na idadi ya mizigo isiyotumwa ionekane kwa maandishi makubwa kila akifungua apu.

Mzee wa Seva
Hilo la Bluetooth ni zuri sana. Ndani ya CSV ziweke na UUID, ili katibu akizipandisha kabla ya karani zisijirudie.