Wakuu, huyu ni mdudu gani kwenye chainizi zangu? Naomba msaada wa haraka

Mkulima Mgeni: Habari za jioni wakuu. Nipo Mlandizi, nina matuta sita ya chainizi nyuma ya nyumba, ndiyo kwanza naanza kilimo. Tangu juzi naona kadudu ambako sijawahi kukaona: keusi, urefu kama punje ya mchele, mgongoni kana madoa ya rangi ya machungwa. Ukikakazia macho ni mamba mtupu. Majani ya katikati yamejikunja. Mke wangu anasema kanauma, amegoma kuingia bustanini. Ni mdudu gani huyu? Usingizi sina.

Mzee wa Pampu: Uzi bila picha ni sawa na ugali bila mboga.

Mkulima Mgeni: Kamera ya simu yangu imekufa mkuu.

Shangazi Zai: Pole mwanangu. Kantangaze ilipoingia nilikuwa na ekari nzima ya nyanya Ilula. Majani yalitobolewa njia ndani kwa ndani, nyanya zikawa na matundu kama zimechomwa sindano. Nilipiga kila dawa niliyouziwa. Mkopo nililipa kwa kuuza cherehani, na fundi mwenyewe ni mimi. Kwa hiyo usidharau kadudu.

Nyuki Dume: Shangazi, kantangaze ni wa nyanya na jamaa zake kama bilinganya na viazi mviringo. Chainizi haimhusu. Mkulima, geuza jani lililojikunja. Kuna vidudu vidogo vimelundikana kama unga wa kijivu, na sisimizi wanapita pita?

Mkulima Mgeni: Vipo.

Nyuki Dume: Basi hao vidukari ndio adui. Huyo mamba wako ni mtoto wa yule mende mdogo wa duara, mwekundu au wa njano, mwenye madoa meusi. Hali jani. Anakula vidukari, na kwa siku anamaliza wengi.

Chachandu: Mbona kwetu hao hao walitafuna maboga yakabaki mishipa?

Nyuki Dume: Huyo ni ndugu yao mkorofi. Mtoto wake ni wa njano na ana miiba mwili mzima, anapenda maboga na bilinganya. Mkulima, umeshapiga dawa?

Mkulima Mgeni: Mkuu, mimi nimeuliza jina la mdudu tu.

Nyuki Dume: Na mimi nimeuliza swali moja tu.

Mkulima Mgeni: Nilipiga jana jioni, kidogo.

Mzee wa Pampu: Dawa gani?

Mkulima Mgeni: Ya kuogeshea ng'ombe. Ilibaki kwa baba mkwe. Niliweka mfuniko mmoja kwenye bomba la lita 16. Kabla hamjanirukia: ng'ombe anaogeshwa nayo na maziwa yake tunakunywa. Sasa kosa liko wapi?

Nyuki Dume: Ng'ombe halambwi na watu. Soma lebo: utakuta siku za kusubiri kwa maziwa na nyama. Za mboga hazipo, maana haikutengenezwa kwa mboga. Hakuna atakayekwambia lini chainizi hiyo inalika. Ing'oe.

Mkulima Mgeni: Kung'oa haiwezekani. Jumamosi kuna shughuli, nimeshapokea kianzio cha mafungu 80 na hela imeenda kwenye ada ya mtoto. Nitawaambia waoshe kwa maji ya chumvi, mara mbili.

Nyuki Dume: Kuosha kunapunguza, hakumalizi. Rudisha kianzio.

Mpenda Haki: Vijana wa sasa hela mbele, utu nyuma. Wazazi wetu walimwaga majivu asubuhi na mboga tukala.

Mzee wa Pampu: Tuangalie na faida zake. Waalikwa watatoka shughulini hawana kupe hata mmoja.

Chachandu: Jamani, hii ni chai. Mwezi wa nne mtu huyu huyu alifungua uzi wa bei ya bajaji, akasema anaishi Nyakato, Mwanza, na hajaoa. Leo ana mke, mtoto wa ada na baba mkwe mwenye ng'ombe?

Mzee wa Pampu: Chai ya tangawizi. Leteni vitumbua.

Mkulima Mgeni: Akaunti tunatumia wawili na mdogo wangu, bajaji ni yake. Mnaoniita mwongo, hii hapa picha, nimepiga kwa simu ya wife sasa hivi.

*[picha]*

Nyuki Dume: Ndiye mwenyewe. Ila hao watatu kwenye jani wamekufa, na vidukari ndani ya mkunjo naona bado wapo. Umeua askari, mwizi kabaki ndani.

Chachandu: Nafuta neno chai. Lakini mkuu, kuza picha, kona ya kulia. Beseni la bluu lenye mafungu yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, ni la nini?

Mkulima Mgeni: Hayo ni ya jirani.

Mzee wa Pampu: Jirani naye anavunia kwenye tuta lako?

Shangazi Zai: Mwanangu, hiyo shughuli ni Mlandizi sehemu gani? Mimi Jumamosi nina mwaliko huko huko.