.22 ya marehemu babamkwe: ni Marlin, Remington au Stevens?

Mgosi_Ohio: Wakuu habari zenu. Babamkwe (Mmarekani) alifariki mwaka jana, wife kaachiwa bunduki yake ya kuwindia sungura. Ni .22 (kipenyo cha risasi, sehemu ya inchi), ile pini inagonga ukingo wa ganda sio katikati, na inajikoki yenyewe. Tyubu ya risasi iko chini ya mtutu. Mtutuni nasoma SPRINGFIELD tu, kwingine kutu. Serial namba nimegeuza juu chini sioni. Ni ya lini hii, au kuna mtu aliisugua namba?

Chuma_Mbili: Marlin 60 hiyo, imejaa Marekani nzima, ilianza 1960. Chukua tarakimu 2 za mwanzo za serial utoe kwenye 100, ikianza na 20 ni ya 1980.

DadaK: kasema haina namba we unampa hesabu ya namba 😂

Kamanda77: Springfield si kile kiwanda cha jeshi? Mgosi una mali ujue

Fundi_Saa: Hapana Kamanda, hilo hapo ni jina la biashara tu la Stevens, kampuni iliyonunuliwa na Savage 1920, bunduki za wakulima. Mgosi cheki ubavuni pale bolti (kile chuma kinachorudi nyuma na mbele kila ukipiga) inapotembea, kuna mipasuo imejipanga kama mashavu ya samaki? Kama ipo ni Stevens 87A, na ukiipiga bolti inabaki nyuma mpaka uachie triga, ndo maana inalia mara mbili klik-klak, Marlin haina hiyo tabia. Remington Nylon 66 toa kabisa, mwili nailoni na tyubu iko kitakoni. Ya kukuchanganya labda Remington 550, nayo tyubu chini ya mtutu, inakula risasi fupi na ndefu zikichanganywa, ila mashavu haina.

Mgosi_Ohio: Mashavu yapo!! Na nimepaka mafuta nikasugua na kitambaa, imetokea Chicopee Falls, Mass.

Fundi_Saa: Basi imeisha hiyo. Chicopee Falls ndo kiwanda kilipokuwa, Savage walihamia Westfield 1960, so yako ni ya kabla ya hapo, na modeli yenyewe ilianza mwishoni mwa miaka ya 30. Mwaka kamili usijisumbue. Namba nayo usiogope, kabla ya sheria ya bunduki ya Marekani ya 1968 .22 nyingi za bei chee zilitoka kiwandani bila serial. Ila kagua vizuri, ukikuta sehemu imesagwa chuma kikabaki na michirizi hapo ni kesi, kuwa na bunduki iliyofutwa namba ni kosa la federal.

Mgosi_Ohio: Hakuna msago, rangi ni ileile kote. Chuma_Mbili pole kaka

Chuma_Mbili: nakubali, tyubu ilinidanganya. Kwa kupigia kila wikendi bado nasema tafuta Ruger 10/22, spea kila kona, magazini unachomoa, hiyo ya mzee ipumzike.

Fundi_Saa: Hapo sawa. Na usiwe unaifyatua tupu kujaribu triga, pini itakula ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa.

DadaK: Mgosi unasomeka hapo juu "wife kaachiwa". Umemuuliza yeye?

Mgosi_Ohio: 😅 kashaitundika sebuleni