Mrejesho: dari ya jipsamu iliyolowa, Uyole

Wakuu, niliwauliza kuhusu dari ya jipsamu ya sebuleni iliyovimba na kufanya madoa ya kahawia. Mliosema tuanzie juu kwenye paa, Mungu awabariki: msumari wa bati ulikuwa umelegea, mpira wake umepasuka, maji yakapenya hapo. Fundi akauziba kwanza. Kisha akakata sehemu iliyolainika hadi kwenye fremu, akafunga bodi mpya kwa skrubu, akabandika tepu ya neti kwenye maungio, akapiga puti (ule uji mzito wa kuziba na kusawazisha maungio) nyembamba nyembamba. Kwa baridi hii ya Mbeya puti haina haraka. Ukiigusa kabla haijakauka inabaki alama ya kidole. Tulisubiri iwe nyeupe yote ndipo msasa upite. Doa la pembeni lilipakwa rangi ya mafuta kwanza, maana rangi ya maji peke yake huliacha doa litokeze tena. Nimemulika tochi kwa ubavu, kiungo hakionekani kabisa. Asanteni sana.