Mrejesho: The Banner Saga, nimeacha kuua ovyo

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Wiki mbili zilizopita niliwalilia kwamba hii gemu inanishinda: naua adui wawili watatu mapema, halafu waliobaki wananifyekea kikosi kizima. Mkaniambia niache kuua haraka. Nikadhani mnanitania.

Kumbe ndiyo penyewe. Zamu zinapokezana upande kwa upande, mmoja wangu, mmoja wao, hata wakibaki wawili na mimi nina sita. Kwa hiyo nikiwamaliza wanyonge, lile jitu lisilo na mkwaruzo linapata zamu kila saa. Halafu nguvu ndiyo uhai na ndiyo pigo: adui aliyebakiwa na nguvu 2 hana jipya, anakula zamu za wenzake tu. Jana nimewaacha dredge watatu (ndio maadui wa gemu hii) wanachechemea, nikavunja kwanza deraya ya mkubwa wao, ndipo nikamgeukia. Kaumia mtu wangu mmoja tu.

Msafara wa watu unaowaongoza kati ya vita na vita ndio bado mtihani. Sifa unazopata vitani ndizo hizohizo za kununulia chakula na kuwapandisha wapiganaji ngazi. Nilimpandisha mpiganaji wangu Alette, watu wa msafara wakalala njaa. Roho iliniuma, japo ni michoro tu.

Stoic, waliotengeneza gemu hii, walianza watu watatu kule Texas, wakaitoa 2014, na kwa kweli wamejua kututesa. Nikimaliza nahamishia faili langu la mchezo kwenye sehemu ya pili, maana maamuzi yanakufuata. Yule aliyenishauri kuhusu deraya, soda yako ipo.