Nyaya za spika za bei ghali na za kawaida: nizilinganishe vipi ili niyaamini masikio yangu?

Mpenda Santuri (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Rafiki yangu ameniazima jozi ya nyaya za spika za bei ghali, zilizofumwa kwa nje na kunenepa kama mpini wa jembe, na amenipa wiki mbili nizisikilize kabla sijaamua kununua za kwangu. Nina amplifaya ya stereo, spika mbili za kusimama sakafuni, kigeuzi cha dijitali (kinachogeuza muziki wa faili kuwa umeme wa sauti) na mashine ya santuri. Nyaya nilizokuwa nazo, mita 5 kila upande, ni zile nyembamba zilizokuja na mfumo wangu wa zamani, na kwenye ganda pameandikwa 0.75 mm².

Nilipofunga hizi za kuazima, ambazo ni nzito kiasi kwamba zilivuta amplifaya kwa nyuma mpaka miguu ya mbele ikaning'inia, nilisikia tofauti tangu wimbo wa kwanza. Besi ilitulia, mwimbaji akasogea katikati, na matoazi yakawa yanafifia polepole badala ya kukatika. Mke wangu, aliyekuwa akisoma kitabu chumba hichohicho, alisema hakusikia lolote isipokuwa kwamba nimeongeza sauti. Neno hilo limenikaa rohoni, kwa sababu sikumbuki kama niligusa rimoti au sikugusa.

Mabishano ya wanaoamini nyaya na wasioziamini nimeyasoma ya kutosha. Ninachoomba ni njia ya kulinganisha nikiwa nyumbani, bila vifaa vya maabara, itakayonipa jibu ambalo sitalitilia shaka mwezi ujao. Naomba kuwasilisha.

Fundi Saketi

Ndugu mleta mada, jambo kubwa umelitaja kwa kupita tu: 0.75 mm². Waya wa shaba wa unene huo una ukinzani wa takriban omu 0.023 kwa kila mita, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, mita zako 5 ni mita 10 za shaba, yaani omu 0.23. Waya wa kawaida wa 2.5 mm² kwa urefu huohuo ungekuwa na omu 0.07 tu. Namba hizo ni ndogo, lakini spika haina ukinzani mmoja usiobadilika. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi omu 4 kwenye masafa (kasi ya mtetemo wa sauti) fulani na kupanda hadi omu 30 kwenye mengine, hasa pale koni ya besi inapofikia masafa yake ya asili, na kadiri ukinzani wa spika unavyoshuka ndivyo waya unavyojitwalia sehemu kubwa zaidi ya volti. Kwa spika ya namna hiyo, waya wako mwembamba unapindisha sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 0.4 hivi kati ya bonde na kilele, ilhali ule wa 2.5 mm² unaipindisha kwa desibeli 0.13. Desibeli 0.4 zikitanda kwenye masafa mapana, sikio makini linaweza kuzinasa.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba umeota. Ninachokuambia ni kwamba umepambanisha ghali na nyembamba, wakati swali lako ni ghali na kawaida. Tafuta waya wa shaba wa 2.5 mm² au 4 mm² uwe mshindani wa tatu. Ukiupata, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani ya ngozi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, ambayo ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, na unene ulioandikwa hautakusaidia sana.

Kuhusu madini yenyewe, fedha hupitisha umeme kuliko shaba kwa takriban asilimia 6, kiasi kwamba shaba iliyonenepeshwa kwa asilimia hizo inaifikia. Tofauti kati ya shaba isiyo na oksijeni na shaba njema ya kawaida ya umeme ni kama asilimia 1 au chini yake. Halafu utasikia hoja kwamba umeme wa masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya waya tu. Ni kweli kwa redio, ila kwa kilohezi 20 ngozi hiyo ina kina cha karibu nusu milimita, na kwa nyaya za unene tunaouzungumzia athari yake ni ndogo mno.

Sikio la Usiku

Hesabu za Fundi Saketi sizipingi, ila naona zinajibu swali ambalo muziki hauulizi. Nimeishi na nyaya za fedha kwa miaka sita, na sifa zake hazikujitokeza kwa dakika kumi. Zilijitokeza nilipokuwa nimezisahau. Mtu akiketi kama mtahiniwa, akabanwa aseme huu ni waya wa kwanza au wa pili, anaacha kusikiliza muziki na kuanza kuwinda makosa, na hapo hata tofauti ya kweli humponyoka. Ushauri wangu ni kwamba ziache nyaya hizo mahali pake siku kumi, kisha rudisha za zamani. Ukikosa kitu, utajua.

Mzee wa Kanda

Ndugu Sikio la Usiku, njia yako niliifuata, na nikaaibika. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua nyaya za gharama baada ya kuishi na za zamani kwa karibu mwaka. Mwimbaji, ambaye mwaka mzima alikuwa akisikika kila mahali na asiwe mahali popote, alikuja akasimama katikati ya spika mbili, na besi ikarudi kama mgeni aliyekuwa safarini. Nikamsifu muuzaji kwa kila aliyenitembelea. Wiki iliyofuata, nilipokuwa nakunja nyaya za zamani, niliona kwamba kwenye waya wa kushoto utepe mwekundu niliobandika kwa mkono wangu uko kwenye mstari mmoja kwenye ncha hii, na kwenye mstari mwingine kwenye ncha ile. Kwa mwaka mzima koni moja ilikuwa ikisukuma huku mwenzake ikivuta, na besi zao zikifutana hewani. Waya mpya haukuwa na sifa yoyote zaidi ya kufungwa sawasawa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kulinganisha chochote, ninahakikisha chanya iko kwa chanya pande zote mbili, kisha ninachomoa kila plagi na kuirudisha mara tatu au nne. Plagi iliyokaa miaka bila kuguswa hufanya utando, na kule kuichomoa tu huusugua. Watu wengi wanaosema sauti imefunguka kama pazia limeondoka wamesafisha soketi bila kujua.

Jaribio lenyewe ni rahisi kuliko linavyosemwa. Cheza mlio mmoja wa hezi 200 kwa sauti ya wastani na upime volti kwenye vituo vya spika yenyewe, kwa kipimio cha kawaida cha umeme kilichowekwa kwenye AC (umeme wa kubadilika). Ukirekebisha sauti isome volti 1.00 kwa waya wa kwanza, waya wa pili usome kati ya 0.99 na 1.01, kwa sababu asilimia 1 ya volti ni karibu desibeli 0.1, na kinachopita hapo sikio hukipokea kama uzuri badala ya ukubwa. Kisha msaidizi arushe sarafu kila mara, afunge waya kadiri sarafu ilivyoanguka, aandike kwenye karatasi yake, na wewe uandike yako. Asiseme neno, na uso wake usiuone, maana hata namna anavyoinuka sakafuni inaweza kukupa jibu. Zima amplifaya kabla ya kila badiliko. Nyuzi mbili zikigusana ikiwa imewaka, jaribio litaishia kwa fundi.

Fanya mara 16. Anayebahatisha atapata 8 hivi, na kupata 12 au zaidi kwa bahati tupu hutokea chini ya mara 4 katika 100. Mimi nilipata 9. Kichwa nacho kikae mahali pamoja, kwa kuwa sauti ya kilohezi 3 ina urefu wa wimbi wa sentimita 11 au 12, na ukiegemea kiti kidogo tu, mwangwi wa kuta hukubadilishia mizani kuliko waya wowote.

Wala hakuna kanuni inayodai kila zamu iwe ya dakika moja. Ukitaka siku tatu kwa kila waya, zifunike kwa shuka na ujipe hizo siku tatu, mradi usijue ni upi uliomo. Muda mrefu sina ugomvi nao. Ninachokikataa ni kujua.

Mpenda Santuri (mleta mada)

Nawashukuru. Nimepata waya wa 2.5 mm², nimeukwangua, ni shaba. Kabla sijaanza, je, waya unaotoka kwenye mashine ya santuri kwenda kwenye amplifaya nao upimwe hivyohivyo? Rafiki yangu ana mwingine wa kuazima.

Fundi Saketi

Hapo ndipo mahali pekee kwenye mfumo wako ambapo ningekuwa na wasiwasi na waya, na bei haihusiki hata kidogo. Kigeuzi cha dijitali hutoa sauti kwa ukinzani mdogo, kwa kawaida omu mia chache, hivyo waya wa mita 2 wenye pikofaradi 200 (kipimo cha uwezo wa waya wa kutunza chaji) hauanzi kukata sauti mpaka mbali sana juu ya usikivu wa binadamu. Lakini kichwa cha sindano chenye sumaku inayotembea ni koili ndefu yenye nyuzi nyembamba, na koili hiyo ikikutana na uwezo huo wa waya, zinatengeneza mwinuko kwenye masafa ya juu. Kwa kichwa ambacho koili yake ina henri 0.5 (henri ni kipimo cha nguvu ya koili kupinga mabadiliko ya umeme), jumla ya pikofaradi 150 huuweka mwinuko huo karibu na kilohezi 18, na pikofaradi 300 huushusha hadi kilohezi 13, ambako unasikika kama ukali kwenye herufi "s". Soma karatasi ya kichwa chako uone kinataka pikofaradi ngapi, kisha ujumlishe za waya, za mkono wa sindano na za amplifaya. Waya mfupi wa kawaida wenye pikofaradi chache unaweza kuushinda ule wa kifahari. Kama kichwa chako ni cha koili inayotembea, usijisumbue na hesabu hii.

Mpenda Santuri (mleta mada)

Nimerudi na majibu, baada ya jioni tatu. Sikutaka kufanya yote siku moja, kwa sababu kufikia zamu ya kumi masikio yanachoka na mke wangu anachoka zaidi.

Nyaya zangu nyembamba zilisoma volti 0.98 pale za kuazima ziliposoma 1.00. Nilipozilinganisha hivyohivyo bila kusawazisha, nilipatia mara 13 kati ya 16. Kesho yake nikapunguza desibeli 0.2 kwenye programu ya kuchezea muziki kila zilipofungwa zile za kuazima, nikapatia mara 10, na katika hizo 10 nyingi nilikuwa nasikilizia besi tu. Waya wa 2.5 mm² ulisoma 1.00 sawa na za kuazima, na hapo nikapatia mara 7.

Mke wangu ameniomba niandike hapa kwamba siku ya kwanza alisema nimeongeza sauti, na kwamba alikuwa sahihi, hata kama rimoti sikuigusa. Nyaya za kuazima zinarudi Jumamosi, na miguu ya amplifaya sasa inakanyaga rafu yote minne.

Sikio la Usiku

Hongera kwa uvumilivu wenu wote wawili. Nimekisoma kile cha shuka na siku tatu mara mbili, na sina cha kukipinga. Nyaya zangu za fedha sitaziuza, nazipenda hata kwa kuzitazama, lakini mdogo wangu anakuja wiki ijayo na nimemwekea sarafu mezani. Mzee wa Kanda, zamu 16 za siku tatu tatu ni karibu mwezi na nusu, nami sitaki kudanganyana: nikianza na zamu za saa moja utanikubalia?

Mzee wa Kanda

Nakubali. Chomoa plagi kwanza.